Pesa iko Muscat, gari iko Unguja: kisa cha gereji iliyotaka kuwa timu ya rali

Kabla sijaanza, majina nimeyatoa, mtaa nimeutoa, na rali zenyewe nimezitaja juu juu tu. Mwenye gereji kaniruhusu niandike kwa sharti hilo. Mimi nilikuwemo mwanzo mpaka mwisho, kazi yangu ilikuwa daftari la matumizi na kupiga simu za spea, kwa iyo nnayoyasema mengi nimeyaona kwa macho yangu. Nimeandika mana kuna vijana hapa Unguja wanataka kuingia kwenye rali na kila wiki wananiuliza maswali yale yale.

## Gereji na watu wake

Gereji iko mjini, mafundi sita, mwenyewe ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, nitamwita Mzee kwa sababu ndo tunavomwita. Kazi zao ni za kila siku, gari za abiria za shamba, gari za watalii, klachi, gia boksi, umeme. Kwa mikono wale watu wako juu, na sisemi kwa mapenzi. Gari iliyoliwa na chumvi mpaka sakafu imetoboka wanaikata, wanaichomea upya, ukipanda hujui kama iliwahi kuoza. Dereva alikuwa Kijana, mtoto wa ndugu yake Mzee, marehemu, miaka 26. Na wa tatu ni mdogo wake Mzee, anaishi Muscat, Oman, mfanyabiashara, huyu ndo alokuwa na pesa. Nitamwita Ami, kwa vile Kijana ndo anavomwita.

Fikra ilianzia Naivasha, Kenya. Mwaka 2021 Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia, Ogier akashinda na Toyota Yaris, na 2022 Toyota zikashika nafasi ya kwanza mpaka ya nne. Mzee alikuwa anamuonesha kila anaeingia gereji kwenye simu yake. Anasema ile ni Toyota na sisi kutwa tumo chini ya Toyota, kipi kinatushinda? Halafu ana historia moja anaijua kuliko mtu yeyote ninaemjua, ya Ove Andersson, Mswidi aloshinda Safari ya 1975 na Peugeot 504, baadae akaijenga timu ya rali ya Toyota pale Köln, Ujerumani, Celica zao zikashinda Safari 1984, 1985 na 1986 mfululizo, na mwisho karakana ile ile na mtu yule yule wakapewa kazi ya kuipeleka Toyota kwenye Formula One, yale mashindano ya dunia ya magari ya mbio za viwanjani. Kwa Mzee ile ilikuwa ramani kabisa. Mtu kaanza kwenye vumbi la Afrika Mashariki kafika juu ambako hakuna juu tena. Mpango wetu ukawa mwaka wa kwanza rali za bara, mwaka wa tatu Naivasha.

Sikumpinga, nilikuwa na hamu kama yeye. Ila ramani ile aliisoma nusu. Ile miaka minane ya Toyota ndani ya Formula One hakuna kati yetu alokaa akaitazama, na mimi nimeisoma vizuri baada ya sisi kushamaliza. Ndo mana humu nnazitia zote mbili pamoja, yetu na yao. Wao mabilioni sisi mamilioni, lakini kuna pahala tulipokanyaga nyayo zile zile.

## Kununua au kujenga wenyewe

Palikuwa na timu moja bara inaacha. Walitutajia milioni 18 kwa gari nzima, iliyokwishakimbia misimu minne, pamoja na gia boksi ya akiba, rimu, na daftari lao la marekebisho, yaani rali gani waliweka springi gani, tairi gani, gari iliinuliwa kiasi gani. Na nevigeta wao, yule anaekaa ubavuni mwa dereva akimsomea njia, alikuwa tayari kukaa na sisi msimu mmoja. Kijana alitaka tuichukue siku hiyo hiyo.

Mzee akakataa. "Nikinunua gari ya mtu nimenunua na maradhi yake." Ami nae akamuunga mkono kwa sababu yake mwenyewe, yeye alitaka iandikwe ubavuni kwamba gari imetengenezwa Zanzibar, na akaona wadhamini watavutika na hilo. Naomba msiwacheke, sababu zote mbili zina akili. Fundi asiejua kilichomo ndani ya gari yake ataitibu vipi ikimfia porini?

Na Toyota walifanya vivo hivo. Walitangaza kuingia 1999. Kipindi hicho hicho Ford wakainunua timu ya Stewart, mwaka unaofuata Renault wakainunua Benetton, watu wananunua timu zilizo hai. Toyota wao wakasema chesi, yaani kiunzi cha gari, tutaunda, injini tutaunda, vyote Köln. Mwaka 2001 mzima hawakushindana, walikuwa wanazunguka viwanja na gari ya majaribio, TF101, madereva Mika Salo na Allan McNish.

Sisi majaribio yetu yalikuwa kwenye shimo la kifusi, kwa ruhusa ya mwenyewe, Jumamosi na Jumapili baada ya sala ya alasiri wakati magari ya mizigo yameshaondoka. Miezi mitano. Kijana alizijua kona zile mpaka angeweza kuzipita kafumba macho, mimi nakaa juu ya jiwe na simu napima muda, kila wiki unapungua, kila wiki tunarudi mjini tumefurahi. Kitu kilichokosekana ni gari ya pili. Hapakuwa na mtu wa kujipima nae, tulikuwa tunashindana na sisi wenyewe wa wiki ilopita. Na ile ardhi ni jiwe la matumbawe, jeupe, gumu, inashika tairi. Udongo mwekundu wa bara wenye kokoto zinazoviringika chini ya gurudumu hatukuwa tunaujua hata kidogo.

## Rali ya kwanza ilitudanganya

Karatasi za kuivusha gari zilituchukua wiki mbili, gari ikapanda meli bandarini Malindi, sisi tukafuata na boti. Nikikumbuka asubuhi ile hata sasa moyo unanidunda.

Kwenye kundi letu ziliingia gari 11, sita zikafia njiani, tukamaliza wa tano. Yaani tulikuwa wa mwisho katika waliofika. Lakini kwenye karatasi imeandikwa 5, na nyumbani hawakuuliza zaidi ya hapo. Lilipikwa biriani, Ami akatuma sauti analia kwa furaha, akaongeza pesa.

Someni sasa Toyota pale Melbourne 2002, mashindano yao ya kwanza ya Formula One. Kona ya kwanza tu Ralf Schumacher anapanda juu ya gari ya Barrichello, gari nane zinatoka pale pale, McNish wa Toyota akiwemo. Salo akamaliza wa sita, na wakati ule pointi walikuwa wanapata sita wa mwanzo tu, kwa iyo Toyota wakapata pointi siku yao ya kwanza kabisa. Wakapata nyengine moja Brazil. Basi, mwaka mzima ukaisha na pointi 2, timu ya kumi katika kumi na moja. Na mwisho wa msimu wakawaacha madereva wote wawili, wakaleta Panis na da Matta.

Sisi rali ya pili gari ilikuwa inateleza kila kona, tukatoka njiani mara mbili, tukamaliza nyuma kabisa na safari hii gari nyingi zilifika. Tukakaa kikao gereji mpaka saa sita usiku, na kikao kikaamua kosa ni la nevigeta. Alikuwa kijana mstaarabu kutoka bara, alitwambia wazi kwamba springi ni ngumu mno kwa udongo ule, gari inaruka badala ya kukaa chini. Tukamshukuru, tukamlipa, tukamuacha. Mimi ndo nilompelekea ujumbe. Springi hatukuzigusa.

## Fundi wa Tanga

Baada ya hapo Kijana alitafuta fundi Tanga, mtu aliyeandaa gari za rali miaka mingi. Alipofika siku ya kwanza hakufungua hata boneti. Alilala chini ya gari karibu saa nzima na tochi, kisha akamuita Kijana wakaenda kukaa chini ya mwembe wakazungumza wao wawili tu. Kesho yake akaanza. Springi akaweka laini, shokapu zote nne akabadilisha, gari akaiinua, akachonga bamba la chuma kukinga sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na akatoa mapambo mengi ambayo mafundi wetu waliyafanya kwa ustadi mkubwa lakini yalikuwa uzito mtupu. Akaomba jambo moja tu, siku ya mashindano kauli ya gari ivae nini iwe yake. Mzee akasema sawa. Kwa mdomo.

Rali ya tatu tukapata nafasi ya tatu na gari nane zilifika. Ile haikuwa bahati. Kijana alikuwa anaingia kona na gari inamsikiliza, alitoka mle na uso umejaa vumbi jekundu, meno tu ndo yanaonekana, na hakusema kitu, alikwenda kumkumbatia fundi.

Toyota nao wana kipindi hicho. Mwisho wa 2003 walimchukua Mike Gascoyne aongoze ufundi. 2005 dereva wao Trulli akawa wa pili Malaysia, mara ya kwanza Toyota kupanda jukwaani, msimu wao wa nne huo. Mwaka ule walipanda mara tano, pointi 88, timu ya nne duniani. Hawakuwahi kufika tena hapo.

Halafu ikaja habari ya tairi. Ami alinunua tairi seti mbili huko huko, pana, za bei, zikapendeza machoni, akampa mtu akaja nazo. Fundi akaziminya pembeni kwa dole gumba, akasema hizi ubavu mwembamba, kule tunakokwenda mawe yana makali. Mzee akampigia mdogo wake. Jibu lilikuja baada ya siku moja na nusu, sauti ya sekunde chache: nimeshalipa, zitumike.

Nataka mumfahamu Mzee hapa. Huyu ni ndugu yake, ndie aliyeibeba familia yote tangu baba yao alipofariki, na pesa ni zake. Utamjibu nini? Alimuangalia fundi, akaangalia chini, akasema tuzifunge.

Kipande cha pili tu cha rali zilipasuka mbili na akiba tulikuwa nayo moja. Kijana akaendesha kilomita tisa juu ya rimu. Alipotufikia akasema, "Ba'mkubwa, gari inakwenda, tairi ndo hazipo." Fundi hakugombana na mtu. Alimaliza chai yake, akapanga spana kwenye boksi, akaenda stendi. Nilimfuata kumuomba. Akanambia, "Nikikosea nikosee kwa akili yangu." Akapanda basi la usiku.

Gascoyne aliondolewa April 2006, msimu ndo kwanza unaanza, walikhitalifiana kuhusu njia ya ufundi. Mwaka ule Toyota wakapata pointi 35, unaofuata 13.

## Ilivomalizika

Rali ya tano ilikuwa ya mwisho, gari ilifika, nafasi ya saba. Mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, Ami alituma sauti ya dakika moja kwamba biashara imebana na hawezi tena. Hakukosea kusema hivo, mtu akibanwa kabanwa. Ila sisi tulikuwa tumeshaagiza gia boksi.

Daftari langu lilisoma milioni 41, na hapo kazi ya mafundi haimo, mana walikuwa wanafanya usiku bila ya malipo. Gari tukaiuza milioni 14 kwa watu wa bara. Wale wakampakia nevigeta yule yule tulomuacha, na rali yao ya mwanzo na gari ile wakawa wa pili kwenye kundi.

Toyota waliondoka tarehe 4 Novemba 2009, siku tatu baada ya mashindano ya Abu Dhabi, na walikuwa wamesaini kubaki mpaka 2012. Msukosuko wa uchumi ulikuwa umeipiga kampuni. Mkuu wa timu, Tadashi Yamashina, alilia mbele ya waandishi. Gari ya mwaka unaofuata, TF110, ilikuwa imeshaundwa, haikushindana hata siku moja. Mashindano 139, jukwaani mara 13, kuanza mbele kabisa mara tatu, ushindi hakuna.

## Ninavoona mimi

Barazani kila mtu ana jawabu moja, mngenunua ile gari ya milioni 18. Miye sikubaliani nao, au nakubali kidogo tu. Ile gari ingetuokolea miezi mitano na lile daftari lingetwambia mambo ya springi kabla ya kupigwa. Lakini kununua peke yake hakutibu. Tazameni Ford. Walinunua Stewart, timu hai iliyoshinda shindano moja 1999, wakaipa jina la Jaguar, na kutoka 2000 mpaka 2004 wakapanda jukwaani mara mbili tu, zote na dereva Irvine. Viongozi walikuwa wanabadilishwa kama kanda, Rahal kaja, Lauda kaja, kaondoka, na kauli ya mwisho iko kwa wakubwa wa kampuni. Mwisho wa 2004 Red Bull wakainunua. Karakana ile ile ya Milton Keynes, wengi ni watu wale wale, wakamuweka Horner aongoze na akae, wakamleta Newey, mchoraji wa magari, wakamuacha achore. Kutoka 2010 mpaka 2013 ubingwa wa dunia ulikuwa wao kila mwaka.

Na ile timu ya Honda. Walitoka Desemba 2008, mkuu wa timu Ross Brawn akabaki nayo, wakatia injini ya Mercedes, wakachukua ubingwa wa 2009 kwa gari ambayo Honda ndo walioilipia. Zile pesa hazikuwa za bure kumbe, zilikosa mtu alie karibu na gari na mwenye ruhusa ya kusema hapana.

Hapo ndo tulipovunjika sisi. Hatukukosa pesa mwanzoni, na ufundi hatukukosa kabisa, injini ya mafundi wetu haikuzima hata mara moja rali zote tano na hili nnataka liandikwe kwa haki yao. Tulikuwa na gari Unguja, mashindano bara na uamuzi Muscat. Kila swali linavuka bahari mara mbili. Swali dogo, bolti gani ninunue, linaweza kungoja. Swali la tairi haliwezi, na hata likijibiwa haraka anaejibu hajayashika yale mawe. Toyota wenyewe 2009 pale Bahrain walianza wote wawili mbele, Trulli wa kwanza Glock wa pili, gari ilikuwa na kasi kweli, wakaingia kubadilisha tairi wakavaa zile ngumu zaidi na kasi ikakatika. Trulli akamaliza wa tatu, Button akashinda. Uamuzi mmoja wa tairi, siku ambayo pengine ndo ilikuwa siku yao.

Jengine ni kumuacha nevigeta. Hilo linaniuma kuliko pesa. Mtu alitwambia ukweli, sisi tukasikia lawama. Rali ya kwanza ilitupa ile namba 5, na baada ya hapo kila anaesema gari ina kasoro alionekana yeye ndo kasoro. Kama tungehesabu waliofika badala ya kusoma nafasi, tungemsikiliza.

Kuhusu pesa nitasema kifupi. Pesa ya msimu mzima iwekwe pahala pamoja kabla ya rali ya kwanza. Isipotimia, punguzeni rali.

Wanaoingia sasa Formula One nawatazama kwa jicho hilo. Audi walijipanga kwa ajili ya 2026 kwa kuinunua timu ya Sauber ya Hinwil, Uswisi, injini wakaunda wenyewe Neuburg, Ujerumani. Hiyo ni njia ya Renault na mimi naipenda, ila kabla hata ya kushindana walishambadilisha kiongozi, 2024 Seidl akatoka akaingia Binotto. Hilo ndo nnaloliangalia kwao, sio gari.

Karakana ya Köln haikufa. Walihamia mashindano ya Le Mans, wakashinda kutoka 2018 mpaka 2022 mfululizo, na katika madereva walioshinda 2021 yumo Kobayashi, kijana aliyepewa gari ya Toyota ya Formula One kwa mashindano mawili ya mwisho kabisa. Gereji yetu nayo ipo. Inaandaa gari za wengine, vile vyuma vya ndani vya kumkinga dereva wanavichomea wao na watu wa bara wanawaletea kazi, na Kijana kajifunza springi mpaka anafundisha.

Mwezi uliopita Mzee alimpigia fundi wa Tanga. Kakubali kuja, lakini safari hii katuma karatasi, ukurasa mmoja wa mkono, kwamba siku ya mashindano kauli ya gari ni yake na pesa haina kauli. Mzee kashasaini. Picha ya karatasi imepelekwa Muscat tangu Ijumaa, na Ami bado hajajibu.